Nachora maua peke yangu mwaka wa pili sasa: nijiunge na klabu, au niendelee na video?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Nina umri wa miaka 34. Kwa miaka miwili nimekuwa nikijifunza uchoraji wa mapambo usiku, peke yangu, kwa kutazama video: maua na majani juu ya visanduku vya mbao, trei za bati na fremu za vioo. Karibu na ninapoishi kuna klabu ya wapenzi wa kazi hii, hukutana mara moja kwa mwezi. Nimefika mlangoni kwao mara mbili, na mara zote mbili nikarudi nyumbani. Wengi wao ni watu wazima walioanza zamani, nami mkono wangu bado. Mikia ya majani yangu inagawanyika kama ulimi wa nyoka. Tena nasikia wote huchora kitu kilekile, na mimi natamani kubuni vyangu na siku moja nianze kuviuza. Kuna faida gani kulipa ada wakati video ni za bure? Na nitaijuaje klabu nzuri kabla sijatoa hela? Nimeambatanisha picha ya trei yangu ya mwisho, imebaki vanishi tu.

Jibu: Marahaba, mwanangu.

Nianze na huo mkia wa jani, maana ndani yake mna jibu la nusu ya uliyoniuliza. Nimeikuza picha ya trei yako nikaitazama vizuri. Jani linaanza na kichwa kizuri cha mviringo, linapinda inavyotakiwa, halafu mwishoni linagawanyika. Kosa hilo lina vyanzo visivyopungua vitatu. Huenda rangi ilikuwa nzito, nywele za brashi zikashikana mafungu mawili. Huenda brashi ilibeba rangi nchani tu, ikaishiwa kabla ya kufika mwisho wa safari. Au uliinua mkono haraka, nywele zikiwa bado hazijarudi pamoja. Yote matatu huacha alama ileile, na mimi niliyeshika picha tu siwezi kukuambia lipi ni lako. Video nayo haiwezi. Inakuonyesha mkono wa mwalimu, wa kwako haiuoni. Lakini mtu aliyekaa kiti cha pili kutoka chako angejua ndani ya dakika moja, bila hata kuinuka.

Hicho ndicho unacholipia ada. Mengine yote, vitabu vya kuazimana, punguzo la vifaa, maonyesho ya mwisho wa mwaka, ni nyongeza.

Mimi mwenyewe nilichora peke yangu miaka mitano kabla ya kuingia klabu, na mikia yangu ilikuwa kama yako. Nilibadilisha rangi, nikabadilisha brashi, nikanunua za bei kubwa zaidi. Siku ya kikao changu cha kwanza, mama mmoja mtu mzima aliyekaa kushoto kwangu, hata jina langu hajalijua, alinyoosha mkono akaweka kiganja chini ya kiwiko changu, akakiinua kidogo. "Umebana mkono kama mtu anayeficha kitu kwapani," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Basi. Nilikuwa navuta brashi kwa vidole peke yake, na vidole vina safari fupi. Vikifika mwisho wake vinainuka vyenyewe, jani liwe limeisha au halijaisha. Nilihangaika miaka mitano kwa jambo la kiwiko.

Kwa kuwa hatujui bado lako ni lipi, leo usiku jaribu hivi. Chukua brashi ya mviringo, namba 4 hivi. Ilainishe rangi kwa matone ya maji mpaka iteleze kama rangi ya kucha iliyofunguliwa leo. Ibebeshe brashi rangi hadi robo tatu ya urefu wa nywele, kisha izungushe taratibu juu ya paleti ili ncha irudi. Kidole kidogo kiguse meza, kiwe kama mguu wa kusimamia. Kandamiza, nywele zitatanuka na kufanya kichwa cha jani. Sasa vuta mkono mzima kuanzia begani, ukipunguza uzito kidogo kidogo, na ukikaribia mwisho, simama. Ndiyo, simama kabisa. Zipe nywele nafasi ya kujikusanya, ndipo uinue brashi ikiwa wima. Wanaoanza hukimbia mwishoni kama waliofumwa na mvua. Huo ndio mvuto wa mkato, tunauita hivyo kwa kuwa unafanana na alama ya mkato katika maandishi. Ukichanganya na mvuto wa herufi S, wa herufi C na wa tone, umepata sehemu kubwa ya maua yote utakayochora. Jaza karatasi nzima. Ukiona mikia kumi ya mwisho imepona, kosa lilikuwa mojawapo ya yale matatu. Isipopona, endelea kunisoma.

Hofu yako kwamba mkono haujafika naielewa, ila umeiweka mahali pasipo pake. Klabu si timu ya mpira inayokupima kabla ya kukusajili. Chukua mfano wa chama kikubwa cha kazi hii nchini Marekani, kilichozaliwa mwaka 1972 kwa jina la National Society of Tole and Decorative Painters na baadaye kikaitwa Society of Decorative Painters. Chama hicho kilikuwa na vyeti vya ngazi mbalimbali, na mtu alivipata kwa kuwasilisha kazi zake zikapimwa na waamuzi. Lakini cheti hakikuwa sharti la kuwa mwanachama. Aliyeanza jana na mwenye cheti cha juu walikaa tawi moja, meza moja. Hilo neno *tole* utalisikia kwa wakubwa wa klabu wakizungumzia trei kama yako. Lisikutishe, ni neno la Kifaransa na maana yake ni bati tu.

Na kukaa pamoja si mtindo wa juzi. Katika kijiji cha Zhostovo karibu na Moscow, trei za bati zimekuwa zikichorwa maua kwenye karakana tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Mchoraji huipakata trei na kuizungusha ili ifuate brashi, badala ya kuupinda mkono uifuate trei. Jaribu na hilo kwenye trei ijayo, kifundo cha mkono kitakushukuru. Huko Ukraine, uchoraji wa mapambo wa Petrykivka, ambao UNESCO iliuorodhesha mwaka 2013 kama urithi wa utamaduni usioshikika, unarithishwa kwa wakubwa kuchora mbele ya wadogo. Dar es Salaam, Edward Tingatinga alipofariki mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza kuchora kwenye vibao kwa rangi za mafuta zinazong'aa, mtindo wake haukufa naye. Ndugu na wanafunzi aliowafundisha waliendelea kuchora pamoja, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Wanorwe nao wana uchoraji wao wa maua na mikunjo uitwao *rosemaling*, uliositawi vijijini katika karne ya 18. Wahamiaji waliuvusha bahari mpaka Marekani, na mwaka 1967 jumba la makumbusho la Vesterheim, mjini Decorah katika jimbo la Iowa, likamleta mwalimu kutoka Norwe kuja kuufundisha ana kwa ana. Michoro ya zamani walikuwa nayo tele kwenye masanduku ya babu zao. Walichokosa ni mkono wa kuutazama ukifanya kazi.

Sasa hili la wote kuchora kitu kilekile. Nililidharau kama wewe. Nikasema, mimi si kiwanda. Nimebadili mawazo, na nitakueleza kwa nini.

Katika kikao kimoja tulichora watu 14, kisanduku kimoja, ua moja la petali tano, rangi zilezile kutoka chupa zilezile. Mwisho tukavipanga mezani kwa mstari. Hakuna aliyeandika jina, na bado mwenyekiti alivigawa vyote kwa wenyewe bila kukosea hata kimoja. Huyu petali zake zimenona, yule kivuli chake hakifiki kona, mwingine majani yake yote yanaegemea kulia kama yamepigwa na upepo. Cha kwangu nilikitambua kwa aibu: kila ua limebanwa katikati, kama linaogopa ukingo. Kazi zangu za nyumbani zilikuwa hivyohivyo miaka yote, ila sikuwahi kuliona, kwa sababu nyumbani kila kitu kilikuwa changu na hapakuwa na cha kulinganisha nacho. Mchoro ukiwa mmoja na rangi zikiwa zilezile, kinachobaki kutofautiana ni mkono. Kwa hiyo chora ua lao, na kubuni kwako kufanye nyumbani. Ila kama mwaka mzima umepita na hakuna kikao hata kimoja ambacho mtu analeta ubunifu wake, hapo malalamiko yako yana msingi.

Kuhusu kuijua klabu kabla hujatoa hela, usisome katiba yao kwanza. Omba kwenda kama mgeni. Klabu nyingi humruhusu mgeni aje mara moja au mbili bila malipo, na ile inayotaka ada ya mwaka mzima kabla hujaingia ndani, mimi ningeishuku. Ukifika, tazama saa. Niliwahi kuwa katika klabu moja ambayo muhtasari wa kikao kilichopita ulisomwa neno kwa neno, ukajadiliwa, ukasahihishwa, halafu ikaja taarifa ya mweka hazina, halafu mjadala wa nani atanunua pazia la ukumbi. Tunafungua rangi, watu wanaanza kuuliza habari za usafiri. Walikuwa watu wema sana, na wengine ni marafiki zangu hadi leo, lakini niliondoka. Kikao cha saa tatu kiwe na brashi mkononi kwa saa mbili angalau.

Jambo la pili ndilo ninaloliamini kuliko yote: mtazame anayeanza, kisha tazama anavyosaidiwa. Kuna klabu ambako mzoefu humnyang'anya mgeni brashi, anamrekebishia jani, anamrudishia kazi ikiwa nzuri. Mgeni anashukuru, anaenda nyumbani na kisanduku kizuri, na hajajifunza kitu. Mwalimu anayejua kazi yake hulaza karatasi ya plastiki angavu juu ya kazi ya mwanafunzi na kuchora juu ya hiyo plastiki. Mwanafunzi anauona mvuto ukipita juu ya jani lake mwenyewe, plastiki inaondolewa, jani liko vilevile, sasa zamu yake. Ukiona plastiki hiyo mezani, au ukiona mtu amekaa tu akitazama mkono wa mwenzake bila kuugusa, kaa hapo.

Sikiliza pia kosa linasemwa lini. Rangi ya akriliki ikiwa mbichi, jani baya unalifuta kwa kitambaa chenye unyevu na unaanza upya. Ikikauka, umechelewa. Kuna watu hodari wa kusema "hapa ungefanya hivi" baada ya kazi kukauka na kupakwa vanishi. Hao wapo kila klabu, wala si sababu ya kukimbia, ila wasiwe ndio wengi.

Tupia jicho na taa za ukumbi. Chini ya balbu ya njano, buluu hufifia kuelekea kijivu na nyeupe hugeuka krimu. Unachanganya rangi ikupendeze usiku, asubuhi unaiona ni ngeni. Ukumbi ukiwa hivyo, si lazima uhame klabu, nenda na taa yako ndogo ya mwanga mweupe.

Upande wa fedha, usimuulize mweka hazina ada ni kiasi gani. Atakutajia ada, na atakuwa amesema kweli. Muulize mwanachama wa kawaida, pembeni, ametumia jumla ya kiasi gani mwaka uliopita. Mara nyingi ada ndiyo sehemu ndogo kabisa. Kuna malipo ya siku anapokuja mwalimu mgeni, kuna kisanduku au kibao cha kuchorea, na kuna rangi tatu usizonazo zinazotajwa kwenye kila mchoro. Uliza kama wanachama wanaweza kununua pamoja kwa jumla na kugawana chupa, kwani mchoro mmoja haumalizi hata robo ya chupa.

Kuuza ni jambo zuri, ila kuna mtego, na klabu nyingi zimenaswa humo. Michoro ya kufuatisha mnayotumia kwenye vikao ina wenyewe. Chini ya Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao chimbuko lake ni mwaka 1886, kazi ya sanaa inalindwa tangu inapoundwa, hata kama mchoraji hakuisajili popote. Mtu akinunua mchoro mmoja kisha klabu ikautolea nakala 20, huo ni wizi mdogo wenye tabasamu. Nimewahi kumwona mwalimu mgeni akiingia ukumbini na kukuta nakala za mchoro wake kila meza, hafifu, za mashine ya fotokopi. Hakusema neno, akafundisha alilokuja kufundisha. Hakurudi tena. Wabunifu wengi wanakuruhusu uuze idadi fulani ya vitu ulivyovipamba kwa mkono wako kutokana na mchoro wao, wengine hawaruhusu hata kimoja, na masharti huandikwa kwenye mchoro wenyewe, kwa hiyo yasome. Mbinu haina mwenyewe. Mvuto wa mkato, kivuli kinachofifia, kubebesha brashi rangi mbili kwa mpigo mmoja, hivyo vyote ni vyako kuanzia siku mkono wako umevijua. Ndiyo maana nakuhimiza ukusanye mivuto zaidi ya michoro, kwani ukianza kuuza ndiyo itakayokuweka huru.

Siku ya kwanza usibebe duka. Brashi tatu zinatosha: bapa, mviringo, na ile nyembamba ndefu ya mistari. Rangi sita: nyekundu, njano, buluu, nyeupe, nyeusi na kahawia. Kitambaa, msasa laini, kopo la maji, na karatasi nyeusi ngumu ya kufanyia mazoezi. Maji ya kopo yasizidi usawa wa nywele, na brashi usiiache humo imesimama, maana rangi ikikaukia ndani ya kile kikuta cha chuma kinachoshika nywele, nywele hupanuka na hazirudi tena. Huenda hata mkia wako ulianzia hapo, iangalie brashi yako chini ya mwanga kabla hujaulaumu mkono.

Nikiwa hapo kwenye brashi: utaona wazee wawili watatu wakinyoosha ncha kwa midomo. Usiige. Katika miaka ya 1910 na 1920 huko Marekani, wasichana waliopaka rangi yenye radiamu, metali yenye mionzi hatari, kwenye nyuso za saa walifundishwa kufanya hivyohivyo, na wengi wao waliugua taya na mifupa, wengine wakafa. Rangi zetu si radiamu, lakini baadhi zina kadimiamu au kobalti, metali zisizofaa kumezwa, na ncha inanyooka vizuri tu kwenye unyevu wa kitambaa. Na mtu akileta kabati la zamani lenye rangi kuukuu ili mlipambe upya, msilipige msasa mkavu ndani ya ukumbi, kwani rangi za zamani mara nyingi zina risasi na vumbi lake ni sumu.

Umri wa wanachama ningeuhesabu kuwa faida yako. Mwenye miaka 70 aliyeanza akiwa na 30 ameshafanya kila kosa unalolifanya, na ana muda wa kukueleza. Mpigie simu katibu kabla ya kikao kijacho, mwambie tu kwamba wewe ni mgeni na unaomba kuja kutazama. Mlango ni mwepesi kuuingia ukijua kuna mtu ndani anayekungoja. Ukiingia, usikae nyuma. Ukitumia mkono wa kulia, kaa na mtu kushoto kwako, ili asizibwe na mkono wako anapokutazama.

Na hiyo trei usiipake vanishi bado. Ifunge kwenye kitambaa uende nayo jinsi ilivyo, na mikia yake yote.